Mwanagenzi wa TSC, shule ya kibinafsi Kisumu au afisa wa mikopo Nakuru: ipi inabakisha pesa mfukoni?

Kemia_Bungoma
Hamjambo wote. Nina digrii ya ualimu, Hesabu na Kemia, na nambari ya TSC, ile tume ya kuajiri walimu, ninayo. Sasa nafundisha shule ya kutwa hapa Bungoma, nalipwa na bodi ya shule. Wiki hii nimepata nafasi tatu kwa mpigo: mwanagenzi wa sekondari msingi kwa 20,000, shule ya kibinafsi Kisumu kwa 35,000, na afisa wa mikopo Nakuru kwa 48,000. Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Moyo uko kwa 48, lakini mama anasema nisiache chaki. Mnaofanya kazi hizi, mkononi mnabaki na ngapi?

FundiStima_Nax
Kabla ya makato au baada? Shule inakupa nyumba? Una watoto? Dada, kwa namba tatu tupu hatuwezi kukusaidia.

Mhasibu_Milimani
Tuchukue ni kabla ya makato. Kwa 48,000: NSSF, yaani akiba ya uzeeni, asilimia 6 ni 2,880, bima ya afya ya SHA asilimia 2.75 ni 1,320, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 720. Hizo zinatolewa kwanza. KRA, watoza kodi, wanatoza 43,080 zilizobaki: asilimia 10 kwa 24,000 za mwanzo, 25 kwa 8,333 zinazofuata, 30 kwa zilizosalia. Ondoa nafuu ya kodi ya 2,400, PAYE, yaani kodi ya mshahara, inakuja kama 5,307. Unaenda nyumbani na 37,772.
Ile 35,000 ukiifanyia vivyo hivyo inabaki 29,559. Kwa hiyo ile tofauti ya 13,000 unayoiona kwenye barua ni 8,200 tu ukifika benki. Hapo ndipo watu hukosea, wanalinganisha barua badala ya mfuko.

Mwl_Lurambi
Mimi ni mwanagenzi wa sekondari msingi, Kakamega. Hiyo 20,000 haifiki PAYE, lakini NSSF, SHA na nyumba zinaichukua elfu mbili hivi. Nabaki na elfu kumi na saba na kitu. Ni kidogo, sikatai. Lakini wanagenzi 46,000 waliingizwa ajira ya kudumu Januari 2025, na wenye mishahara minono nje hawakuwa kwenye orodha hiyo. Mwalimu, shika TSC.

FundiStima_Nax
Na kama safari hii ajira ya kudumu haitakuja? Atakula ahadi?

Mwl_Lurambi
Kaka, wewe unakula ahadi za wateja kila siku.

FundiStima_Nax
Ni kweli kabisa. Novemba nilishika 70,000 kwa nyaya za nyumba moja Lanet. Januari nzima nikapata 9,000. Sina karatasi ya mshahara, kwa hiyo hata Sacco wananiangalia kwa jicho baya. Ndiyo maana nauliza maswali, sio kupinga ualimu.

Mama_Njoro
Dadangu wa Bungoma, soma hii yote tafadhali. Nimekuwa afisa wa mikopo miaka miwili, kampuni siitaji. Barua ilisema 45,000. Nilipoanza nikagundua mshahara wenyewe ni 32,000, hiyo nyingine ni kamisheni ukifikisha malengo. Pikipiki walinipa, lakini nilikuwa nailipia kila mwezi, na mafuta juu yangu.
Halafu bei ya viazi ikaanguka. Kikundi changu kimoja huko Mau Narok, akina mama kumi na wanne, wakashindwa kulipa. Nikaambiwa niwe mlangoni kwao saa kumi na moja asubuhi kabla hawajaenda shambani. Mmoja alinifungulia na taa ya simu, mtoto mgongoni, akaniambia, "Ingia uangalie mwenyewe, chukua unachoona." Kulikuwa na debe la mbegu na kuku wawili. Nilishindwa. Nilirudi ofisini bila kitu, na mkopo ule ukaanza kukatwa kwangu. Mwezi huo nilipokea 11,400. Nilipolalamika, wakasema sheria inataka nibakishiwe theluthi moja ya mshahara na wamenibakishia. Niliondoka nikiwa na deni la pikipiki.
Uliza kwa maandishi: mshahara wa msingi ni ngapi? Mteja akikwama nani analipa?

Nyar_Dunga
Pole sana mama. Mimi ni muuguzi wa mkataba, Kisumu. Shida yangu sio kiasi, ni tarehe. Kuna wakati miezi miwili ilipita bila mshahara, landilodi wa Mamboleo hakuelewa hadithi yoyote. Uliza shule hiyo inalipa tarehe ngapi na kama inalipa miezi ya likizo, Aprili, Agosti na Desemba.
Halafu hiyo SHA. Enzi za NHIF, bima ya zamani, mtu wa 48,000 alikatwa 1,100. Leo 1,320.

Mhasibu_Milimani
Lakini sasa SHA inatolewa kabla ya kodi, kwa hiyo uchungu umepungua kidogo.

Nyar_Dunga
Umepungua kwa mhasibu. Njoo ukae nami dirishani wagonjwa wakiambiwa malipo yao hayaonekani kwa mfumo, ndio tuongee uchungu.

Mwl_Lurambi
Tusihame mada jamani. Kemia, uko wapi?

Kemia_Bungoma
Niko. Asanteni, na pole mama wa Njoro, nimesoma mara mbili. Nimepiga simu Nakuru: msingi ni 30,000, zingine ni nauli na kamisheni. Kuhusu wateja wakikwama, wamesema tutaongea nikifika. Shule ya Kisumu haitoi nyumba lakini inatoa chakula cha mchana, na likizo wanalipa nusu. Sikusema pia kwamba nina binti wa miaka minne, anakaa na mama.

FundiStima_Nax
Hilo la binti ndilo lingekuwa la kwanza! Utahama naye au utamwacha?

Mama_Njoro
"Tutaongea ukifika" ndiyo niliyoambiwa mimi.

Nyar_Dunga
Ukija Kisumu, walimu wa Kemia wanatafutwa sana jioni na wazazi wa Riat na Milimani. Jirani yangu anafundisha nyumba tatu kwa wiki, hiyo pesa ndiyo inalipa kodi ya nyumba.

Kemia_Bungoma
Kodi ya chumba kimoja na choo ndani huko Mamboleo ni ngapi? Na kuna shule ya chekechea karibu?

Bin_Mulembe
Samahani kuingilia. Mhasibu, nifanyie na mimi hesabu ya 62,000, niko na mkopo wa Sacco na nataka kuongeza mwingine.