Mtoto wa miezi tisa amegoma ziwa ghafla, nyumbani wanasema maziwa yamechacha

MamaMbagala
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za jioni. Binti yangu ana miezi tisa na amenyonya vizuri tangu kuzaliwa. Ijumaa nilikwenda msibani Muheza, nikamwacha na mama mkwe. Nimerudi Jumapili usiku matiti yamejaa, yanauma hadi kwapani. Nampa ziwa, anageuza kichwa. Tangu hapo kila nikimpakata anajipinda mgongo, analia na kunisukuma. Uji anakula kidogo, maji anakunywa. Ana mafua, na meno ya juu yanachomoza.

Mama mkwe anasema maziwa yamechacha kwa kukaa bila kunyonywa, tena nimetoka msibani, kwa hiyo niyakamue yamwagwe na nimwachishe moja kwa moja. Jirani naye kamfunua mdomo, kaona ufizi umevimba una weupe, anasema ni meno ya plastiki na anamjua mzee anayeyang'oa. Wanataka twende kesho asubuhi. Mama mkwe ndiye aliyenikanda nilipojifungua, sitaki kumvunjia heshima, ila moyo wangu unakataa. Nilipanga kunyonyesha hadi miaka miwili. Aliyepitia haya anisaidie.

Muuguzi_wa_kliniki
Dada, kesho usiende kwa huyo mzee. Hilo kwanza, mengine yatafuata.

Hakuna ugonjwa wa meno ya plastiki. Weupe anaouona jirani mara nyingi ni ufizi uliotuna juu ya jino la chonge ambalo bado liko chini. Wanaoyang'oa huchimba ufizi kwa spoku ya baiskeli, msumari au kisu. Wodi ya watoto nimewapokea hao: wamepungukiwa damu, vidonda vimeoza, homa kali. Hata anayepona, chonge zake huweza zisiote, au zikaota zimepinda, hadi zile za ukubwani. Na ugonjwa uliomfanya agome ziwa unabaki palepale bila tiba. Ukiambiwa akatwe kilimi, jibu lako liwe lilelile.

Maziwa hayachachi ndani ya titi, na msiba hauyadhuru. Ila titi likijaa sana huwa gumu na mtoto hashiki vizuri. Kamua kidogo lilainike ndipo umpe.

Sasa tafuta sababu. Chini ya mwaka mmoja ni nadra mtoto kujiachisha mwenyewe kwa ghafla hivi, kwa kawaida kuna kinachomsumbua. Pua ikiziba hawezi kunyonya huku akipumua: mtie matone ya maji ya chumvi ya puani, yapo duka la dawa, dakika chache kabla ya kumpa ziwa. Mafua pia huingia masikioni, na kufyonza kunazidisha maumivu ya sikio. Tazama ulimi na ndani ya mashavu, ukikuta utando mweupe usiofutika ni fangasi, inatibika. Kesho njooni kliniki aangaliwe sikio na mdomo.

Wakati huo endelea kukamua kila baada ya saa tatu au nne, ili maziwa yasipungue na titi lisipate jipu. Mpe kwa kikombe, chupa iache. Kwa joto la Dar, kama huna friji, maziwa yasikae zaidi ya muda wa saa nne tangu kukamuliwa. Akipata homa kali, akakojoa mara chache, utosi ukabonyea au akashindwa kunywa kabisa, usingoje asubuhi.

MamaPacha_Tanga
Pole sana dada. Wangu mmoja aligoma akiwa na umri huohuo, na kosa lingekuwa kumlazimisha, maana ukimshika kichwa anazidi kulichukia ziwa. Nilichofanya: kanga moja, yeye na mimi ngozi kwa ngozi, mchana kutwa, bila kumwonyesha ziwa. Usiku akianza kusinzia namweka taratibu, taa imezimwa. Akikataa naacha, sigombi. Wengine hunyonya ukitembea naye huku ukimbembeleza. Na kama kuna sabuni au mafuta mapya uliyojipaka huko msibani, oga kwa maji matupu, watoto wana pua kali.

Bibi_wa_Pangani
Marahaba mwanangu, pole na msiba. Muuguzi amesema kweli, sina la kuongeza kwenye dawa. Naongeza la mkweo.

Mkweo hakutakii mabaya, anasema alichoambiwa na mama yake, na sisi wa rika lake tuliambiwa hivyohivyo. Usimwambie umesoma kwenye simu. Leo usiku mwendee chumbani, mwambie, "Mama, naogopa, naomba unisindikize kliniki kesho, tukitoka huko tutajua la kufanya." Mpe yeye ambebe mtoto njiani. Akisikia kwa mganga wa hospitali akiwa ameketi hapo kama mkubwa wa nyumba, neno litakuwa lake, na huyo jirani atajibiwa na yeye, siyo wewe.

Halafu asikutishe mtu kwamba umembemenda mtoto, yaani umemdhuru kwa kulala na mwanamume ungali unanyonyesha. Wataanza na hilo, nakuambia mapema.

MamaMbagala
Asanteni, Mungu awabariki. Tumetoka kliniki, mama mkwe ndiye aliyembeba. Sikio la kushoto ni jekundu ndani, kapewa dawa ya siku tano. Mdomoni hana fangasi. Daktari amemweleza mama habari ya ufizi, akauliza maswali mengi, na nyumbani kamwambia jirani kwamba safari ya kwa mzee haipo. Jana usiku niliwahi kukamua, nikamweka akiwa usingizini: kanyonya upande mmoja. Leo mchana kakataa tena, ila hakulia.

Muuguzi, nina lingine. Jirani ana mjukuu wa miezi saba anayeharisha, na kesho anampeleka yeye kwa mzee huyohuyo. Nimwambie nini anielewe?

Muuguzi_wa_kliniki
Mwambie kuharisha kunatibiwa kwa ORS, ule unga wa pakiti wa kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, na anyonye zaidi ya kawaida. Vyote atapata kituo cha afya. Usimwachie maneno tu, mtume mama mkwe aende naye, na waende leo kabla ya giza.