Naomba ushauri: mashine ya nje ya pampu ya joto imeganda barafu

Habari zenu wakuu, na poleni na baridi mlioko huku Marekani. Nipo Columbus, Ohio, na hii ni baridi yangu ya kwanza kwenye nyumba yenye pampu ya joto. Kwa kuitazama ni kama AC tu: majira ya joto inapooza, baridi inapasha.

Tangu juzi nyuzi zimeshuka hadi -14 za Selsiasi. Utando mweupe kwenye vile vibati vyembamba najua ni kawaida, mashine hugeuza mzunguko wake kwa dakika chache, joto likaja nje likauyeyusha. Yangu imepitiliza: juu kuna barafu nene kama kiganja na feni ilikuwa inakwaruza. Nilipochungulia vizuri nikaona gata ya paa (mfereji wa maji ya mvua) inavuja, tone tone, juu ya mashine kabisa.

Nimezima pampu, thamostati (kile kidude cha ukutani cha kupangia joto) nimeweka joto la dharura, yaani hita ya umeme badala ya pampu (mita inakimbia kama bodaboda), nimebadilisha chujio na kufagia theluji kuizunguka. Jirani kasema nigonge kwa nyundo, nikaogopa kutoboa bomba la gesi ya kupoozea iliyo ndani ya mashine. Mwingine kasema niifunike turubai, sasa itapumua wapi?

Fundi anapatikana Jumatatu. Je, naweza kuimwagia maji ya uvuguvugu bila kuiharibu, au nimsubiri? Na nikishaziba gata, nitajuaje kama mfumo wa kuyeyusha barafu umekufa au shida ilikuwa matone tu?