Kutesti apu ya sacco: kwa mkono, kwa skripti, ama tugawe?

Odhi_Kondele: Wadau, tuko watatu hapa Kisumu, tunajenga apu ya Android ya sacco ya bodaboda, memba analipa akiba ya kila siku kwa STK push (ombi la M-Pesa linalotokea kwa simu yake aweke PIN). Tumebaki na wiki nne na bado hatujaelewana. Mmoja anataka kila skrini iandikiwe skripti ya Appium (zana inayobonyeza apu yenyewe badala ya mtu), mwingine anasema tubonyeze kwa mkono tukifuata orodha. Nyinyi mlifanyaje?

testa_nakuru: Kila skrini kwa wiki nne, hapana ndugu yangu. Skrini zenu bado zinahama, leo kitufe kiko juu kesho chini, mtashinda mkikarabati skripti. Jiulizeni kwanza ni wapi kosa likiingia mtu anapoteza pesa, skripti ziende hapo. Sisi kwa mradi wetu wa maziwa hatukujiuliza, jibu la malipo likafika kwa seva mara mbili na programu yetu ikaliandika mara mbili, mwenye 500 akaonekana ana 1,000. Nilikaa na daftari la mweka hazina siku mbili nikilinganisha mstari kwa mstari, iliniuma sana.

Kaka_Kakamega: Lakini mkono msiuache jamani. Sandboksi ya Daraja (mazingira ya majaribio ya API ya M-Pesa) haina jua la steji wala kioo kilichopasuka wala bando inayoisha katikati. Tulimpa rider simu tukanyamaza tu, akabonyeza Lipa mara tatu kwa sababu skrini haikumwambia chochote. Ofisini hakuna mtu angewaza hiyo.

testa_nakuru: Kweli kabisa, na hizo mara tatu sasa ziandikieni skripti. Majibu ya malipo tengenezeni wenyewe mtume kwa seva yenu: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana. Halafu tuma ile 0 mara mbili na CheckoutRequestID (namba ya utambulisho wa ombi la malipo) ile ile, akiba ipande mara moja tu. Skripti hizi za seva hazigusi skrini, kwa hivyo mkihamisha vitufe hazivunjiki.

nyar_dunga: Na namba za simu zinazoanza na 01! Watu bado wanaandika fomu inayokubali 07 pekee.

Odhi_Kondele: Dada, nimejaribu namba ya 01 saa hii, fomu imeikataa. Naanza na hiyo, kesho majibu ya seva, Ijumaa nashuka steji na simu mbili za bei ya chini. Appium ya skrini tutaongea baada ya kuzindua.