Nani aliwaamuru Wayahudi na Waislamu wavae alama Ulaya ya zamani?

FundiMbale: Hamjambo ndugu. Nashona nguo hapa Mbale, na baadhi ya wateja wangu ni Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, wa Nabugoye. Mmoja ameniambia kuwa zamani Ulaya Wayahudi walilazimishwa kushona kiraka cha rangi kwenye nguo. Amri hiyo ilitoka kwa nani? Na Waislamu je?

Mwalimu_Arua: Ilitoka kwa kanisa, fundi. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu chini ya Papa, Roma, mwaka 1215, uliagiza Wayahudi na Waislamu watambulikane kwa mavazi katika nchi zote za Kikristo. Sababu iliyotajwa ni kwamba watu wasije wakalala na wa dini nyingine bila kujua. (Kumbe kwa sura hawakutofautiana!)

Kitambaa chenyewe walichagua wafalme. Chukua tepu yako: sheria ya Edward I wa Uingereza, 1275, ilidai sufu ya njano iliyoshindiliwa, inchi 6 kwa 3, umbo la vibao viwili vya Amri Kumi za Musa, kwenye vazi la juu la kila Myahudi aliyepita miaka 7. Mtoto wa darasa la pili! Mwaka 1290 akawafukuza wote.

Nubi_Bombo: Ongeza habari ya pesa, mwalimu. Kabla ya huyo Edward, Myahudi wa Uingereza mwenye fedha aliweza kulipa asamehewe kiraka. Maskini alivaa.

FundiMbale: Waislamu bado hamjanijibu.

Mwalimu_Arua: Nakuja. Granada, ufalme wa mwisho wa Kiislamu Hispania, iliposalimu amri kwa Wakristo Januari 1492, mapatano yaliwaachia Waislamu dini na misikiti yao. Miaka kumi tu ikapita: 1502 Waislamu wa Castilla, ufalme wa Kikristo uliotawala Granada, wakaambiwa wabatizwe au wahame. Wengi wakabatizwa. Kisha 1567 Felipe II, mfalme wa Hispania, akawakataza wazao wao Kiarabu, shela za wanawake na mavazi yote ya Kimori, yaani ya Waislamu wa huko. Papa alitaka waonekane, mfalme hataki waonekane! Nguo za hariri walizokuwa nazo wakapewa mwaka 1 wa kuzimalizia, za sufu miaka 2.

FundiMbale: Hariri imalizwe kwa mwaka? Aliyeandika hiyo hajawahi kushika sindano. Sasa mafundi wao wakashona nini?

Mwalimu_Arua: Mitindo ya Castilla, watake wasitake. Desemba 1568 wakaasi kwenye milima ya Alpujarras, karibu na Granada, na vita ikaendelea hadi 1571.