Mawakala wa tiketi Kisumu na Nakuru, mnawaumiza wazazi wenye watoto wadogo

Wanajamvi, nimefungua uzi huu kwa hasira na sitaificha. Likizo za Agosti na Desemba zikikaribia, familia kutoka Busia, Kakamega, Kisii, Kisumu hadi Nakuru huuziwa tiketi za kwenda kuwaona ndugu Uingereza, Ujerumani au Marekani kama vile hakuna mtoto katika safari hiyo. Pesa inaingia kwa M-Pesa, PDF inatumwa WhatsApp, basi. Kosa linaonekana saa nne usiku kwenye kaunta ya JKIA, uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi, mama amembeba mmoja mgongoni, wa pili amelala juu ya sanduku, na simu ya wakala imezimwa.

Nianze na mtoto wa chini ya miaka miwili, maana hapo ndipo wizi na uzembe vimekaa pamoja. Akipakatwa, nauli yake katika safari za kimataifa kwa kawaida huwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, pamoja na kodi. Hana kiti lakini ni abiria kamili: ana jina, tarehe ya kuzaliwa na namba yake mwenyewe ya tiketi. Fungua hiyo PDF sasa hivi. Karibu na jina la mzazi utafute herufi INF (kifupi cha "infant", mtoto mchanga), kisha jina la mtoto kama lilivyo kwenye pasipoti yake. Kama hazipo, mtoto hajakatiwa tiketi, hata kama ulimlipia. Wako mawakala wanaowaambia wazazi, "Huyo mdogo mtamwongeza hukohuko uwanjani." Huo ni uongo wa hatari. Watoto wa kupakatwa katika ndege moja wana kikomo, na sababu mojawapo ni barakoa za oksijeni: kila kundi la viti kwa kawaida lina barakoa moja tu ya ziada. Ndiyo maana pia akina mama wawili wenye watoto wa mapajani hawakalishwi bega kwa bega. Nafasi zikiisha, zimeisha, na familia inabaki na masanduku yake. Tena mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja. Mama anayesafiri peke yake na pacha lazima amnunulie mmoja kiti, na kiti hicho kiwe na kiti cha usalama cha mtoto kinachokubaliwa na shirika la ndege.

Halafu kuna suala la umri. Unahesabiwa siku ya kila ndege, si siku ya kununua tiketi! Mtoto anatimiza miaka miwili tarehe 20 Desemba. Familia inaondoka tarehe 5 Desemba na kurudi tarehe 8 Januari. Wakati wa kwenda atapakatwa. Wakati wa kurudi lazima awe na kiti chake, na nauli ya kiti hicho mara nyingi ni robo tatu ya nauli ya mtu mzima au zaidi. Wakala ameshika nakala ya cheti cha kuzaliwa, tarehe anaiona kwa macho yake, lakini anakata INF kwenda na kurudi ili bei yake ionekane ndogo kuliko ya jirani. Mzazi anakuja kulipa tofauti akiwa ugenini, kwa bei ya siku hiyo, Januari ambapo ndege zimejaa.

Kitanda cha mtoto, kile kinachobandikwa kwenye ukuta mbele ya viti vya safu ya kwanza, ndicho wanachokiahidi kwa urahisi zaidi. "Nimeshaomba" haitoshi. Ombi linaandikwa BSCT (kifupi cha "bassinet", kitanda cha mtoto) ndani ya bukingi, na pembeni yake kuna herufi mbili: HK maana yake limethibitishwa, HN bado linasubiri jibu, UC limekataliwa. Mwambie wakala akutumie picha ya skrini inayoonyesha herufi hizo kwa kila ndege, kwa sababu ndege ya pili inaweza kuwa ya shirika jingine ambalo halijapata ombi hilo. Uliza pia kikomo cha uzito. Mashirika mengi huishia kilo 10 au 11, na mtoto wa miezi kumi aliyenona vizuri anaweza kuwa ameshafika hapo.

Sasa tiketi za vipande. Hizi zinaniudhi kuliko zote. Wakala anakuuzia Kisumu hadi Nairobi kwa bukingi moja, Nairobi hadi Ulaya kwa nyingine, na wakati mwingine kipande cha tatu kutoka Ulaya kwenda Marekani, kwa sababu jumla inapungua shilingi elfu chache. Hakuambii kwamba ndege ya Kisumu ikichelewa, shirika la pili halikujui. Umekosa ndege na tiketi imepotea. Hakuambii kwamba baadhi ya ndege za Kisumu hutua Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, na si JKIA, na kutoka Wilson ni teksi, foleni ya barabarani, watoto na mizigo yote. Hakuambii kwamba ndege ndogo za ndani zinaweza kuruhusu kilo 15 tu kwa kila abiria, ilhali tiketi yako ya nje inakupa masanduku mawili ya kilo 23, kwa hiyo ziada unailipia Kisumu. Na kile kipande cha Ulaya: mizigo isipounganishwa hadi mwisho, itakubidi utoke eneo la wasafiri wa kupita ukaichukue, na kutoka hapo Paris au Amsterdam kunahitaji viza ya Schengen (viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) kwa kila mmoja wenu mwenye pasipoti ya Kenya, mtoto mchanga akiwemo. Bila viza hiyo, mnaweza kuzuiwa kupanda ndege tangu Nairobi.

Ukitoka Nakuru kwa gari hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi. Mwezi wa Desemba, Gilgil, Naivasha na Kinungi zinaweza kula nusu ya siku. Ondoka asubuhi hata kama ndege ni ya usiku.

Kwenye viza wanakamua waziwazi. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na mtoto wa chini ya miaka 6 halipi ada hiyo. Kituo cha maombi kinaweza kuwa na gharama yake ya huduma, lakini mtu akikudai euro 90 "za viza" kwa mtoto wa miaka mitatu, anazitia mfukoni. Kwa viza hiyohiyo, mtoto wa chini ya miaka 12 hachukuliwi alama za vidole. Bima nayo ni lazima, yenye kinga isiyopungua euro 30,000, na kila msafiri awe ametajwa. Soma majina yaliyomo. Mtoto anayetoka kanda ya ziwa anaweza kuanza homa ya malaria wiki kadhaa baada ya kufika, na daktari wa kule asipoambiwa mtoto ametoka wapi anaweza kudhani ni mafua. Hapo ndipo mzazi hugundua kwamba wakala aliwakatia bima baba na mama peke yao.

Makaratasi nayo. Baba ni Wafula, mama ni Nekesa, mtoto ni Wanjala. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, lakini afisa wa uhamiaji wa nchi nyingine anaona watu watatu wasiohusiana. Beba cheti halisi cha kuzaliwa. Mzazi akisafiri peke yake na mtoto, abebe hati ya kiapo ya mzazi anayebaki, iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, ikiwa na nakala ya kitambulisho na namba ya simu inayopatikana. Kwa Uingereza, ombi la viza ya mtoto hutaja mtu mzima atakayesafiri naye. Mkibadilisha mipango na mtoto akaenda na shangazi ambaye hakutajwa, anaweza kukataliwa mlangoni. Wakala anayejaza fomu hiyo analijua hili vizuri, ila haulizi, anaandika tu jina la baba kwa sababu ndiye aliyelipa.

Ninachodai ni kitu kidogo. Risiti ya tiketi ya familia ionyeshe namba ya tiketi ya kila mtoto, umri wake siku ya kwenda na siku ya kurudi, hali ya ombi la kitanda, uwanja wa kutua Nairobi, na kama mizigo imeunganishwa hadi mwisho. Mistari mitano. Anayejua ofisi yoyote kati ya Nakuru na Busia inayoandika hayo bila kusukumwa, aiweke hapa chini, watu wanasafiri wiki ijayo.