PrEP Mombasa baada ya senta kufungwa, mnachukulia wapi?

kijana_wa_kisauni: Jamani naomba msaada. Mi shoga niko Mombasa, PrEP, vile vidonge vya kuzuia kuambukizwa HIV, nilikuwa nachukua kwa ile senta yetu, unaingia wanakujua, unapimwa, unapewa kondomu na vilainishi, unakaa kidogo unapiga stori unaenda zako. Pesa za Marekani ziliposimamishwa Januari 2025 ikafungwa. Sasa juzi nimeenda hospitali ya serikali, nesi akaniuliza kwa sauti mbele ya foleni "PrEP ya nini, kwani mkeo mgonjwa?" watu wote wakageuka, nikasema nimekuja kupima presha nikatoka. Kopo limebaki vidonge sita.

mamake_zuu: Pole sana mwanangu, imeniuma. Nilikuwa mwelimishaji rika mpaka siku tulipoambiwa turudishe funguo. Usipange ile foleni ya kawaida, uliza CCC, kile kitengo cha huduma za HIV, huko unaongea chumbani mlango umefungwa. Toa kopo lako la zamani uweke mezani, sema nimeishiwa, basi. PrEP iko hospitali za umma tangu 2017 si ya senta peke yake. Ila mwanzo wa 2025 Marekani iliruhusu pesa zake za PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu, nadhani manesi wengine wamebaki na hilo kichwani.

bahari2: Na usiruke siku ovyo ili vidonge vifike mbali. Kwa sisi wanaume kuna ile ya 2-1-1, viwili masaa 2 mpaka 24 kabla ya kulala na mtu, kimoja masaa 24 baada ya vile viwili, kingine masaa 48 baada ya vile viwili vya kwanza. Kama una homa ya ini B hiyo si yako, usiache dawa bila daktari. Kondomu ikipasuka na hujameza kitu kimbilia PEP, dawa ya dharura ya kuzuia HIV, ndani ya masaa 72, unameza siku 28.

kijana_wa_kisauni: Na wakiniandika kwa faili nikaitiwa polisi?

mamake_zuu: Kumeza dawa si kosa, kile kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu, kinachotumiwa dhidi ya mashoga, ni cha kitendo. Wale vijana wawili walioshikwa Ukunda 2015 wakalazimishwa kupimwa nyuma, Mahakama ya Rufaa hapahapa Mombasa ilisema 2018 ni kinyume cha sheria. Unaogopa kwenda peke yako? Nitumie ujumbe, Jumanne nakusindikiza.

kijana_wa_kisauni: Tumeenda na mamake Zuu. Nimepimwa niko sawa, nimepewa ya mwezi mmoja, na nesi wa CCC amefunga mlango mwenyewe kabla hajaniuliza chochote.