Mke ametengana na mumewe, mume anamlazimisha: dawati la jinsia la polisi litapokea kesi?

Mdau_Igombe
Wakuu, naombeni wanaojua sheria. Mke amerudi kwa wazazi wake huku Igombe, mwezi wa nne sasa. Mume anamfuata usiku na kumwingilia kwa nguvu. Wazee wanasema ng'ombe wa mahari hawajarudi, kwa hiyo bado ni haki yake. Polisi watapokea, au atajibiwa ni mambo ya chumbani?

Wakili_Nyamagana
Ndugu, inapokelewa, na wazee wamekosea. Kifungu cha 130(2)(a) cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kilichoingizwa mwaka 1998, kinasema kumwingilia mwanamke bila ridhaa yake ni kubaka, awe si mke wako au ni mke wako mliyetengana. Ng'ombe hawamo. Adhabu haipungui miaka 30.

Kazi ipo kwenye neno "mliyetengana". Kifungu hakidai amri ya mahakama, ila ni juu ya Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, kuthibitisha utengano, na utetezi utadai mke alikwenda kwao kusalimia tu. Kwa hiyo tarehe aliyoondoka iandikwe kwenye maelezo yake ya kwanza kabisa polisi. Ikiongezwa baadaye, itaonekana imetungwa. Wazazi na mwenyekiti wa mtaa wawe mashahidi, na meseji za mume kumtaka arudi zisifutwe. Pia anaweza kuomba amri ya kutengana Mahakama ya Mwanzo. Hati ya baraza la usuluhishi wa ndoa inadaiwa kwenye talaka, si kwenye kutengana.

Muuguzi_Ilemela
Naongezea upande wa hospitali. Asioge, asifue. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya kaki; mfuko wa plastiki unatunza unyevu na vielelezo vinaoza. Dawa za kuzuia VVU zinaanza ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120. PF3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa hospitali, anapewa polisi, daktari anaijaza. Na asikate tamaa kwa kukosa majeraha: kifungu hichohicho cha 130 kinasema alama za kupambana si lazima.

Mdau_Igombe
Asanteni sana. Na kama wangekuwa bado wanaishi pamoja?

Wakili_Nyamagana
Hapo aya ya (a) ya kifungu cha 130(2) inamwacha mke nje, na mimi naona ni dhuluma iliyoandikwa kwenye sheria. Aya ya (b), kuhusu ridhaa iliyopatikana kwa nguvu au vitisho, haimtengi mke, kwa hiyo hoja inaweza kujengwa, lakini usimwahidi ushindi. Penye msingi imara ni pale alipoumizwa: kifungu cha 241, shambulio la kudhuru mwili, hadi miaka 5. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na ukatili ni ushahidi wa ndoa kuvunjika. Akishaondoka, kifungu cha 140 hakiruhusu shauri la kumlazimisha arudi kwa mume. Wazee wasomewe hicho.